"Asilia" Si Cheti cha Usalama

Wasee, kuna kitu kinanikera huku mitandaoni. Mtu anauza dawa ya kunguni kwa chupa ya soda isiyo na lebo, halafu maelezo yote ni: "Ni ya mimea, haina kemikali." Na kwa komenti watu wanauliza bei tu.

Si tuambiane ukweli? Kama haina kemikali, inaua kunguni na nini? Maombi?

Chukua pareto, lile ua jeupe linalolimwa Nakuru na Nyandarua. Ndani yake kuna kemikali sita, kwa jumla zinaitwa pairethrini. Zikimwingia mdudu, zinashika vijilango vya sodiamu kwenye neva zake na kuvizuia visifunge. Neva zinatuma ujumbe bila kupumzika, mdudu anatetemeka, anaanguka chali. Hiyo ni sumu, manze. Wewe haikuumizi hivyo kwa sababu mwili wako unaivunja haraka, si kwa sababu ua lina roho safi. Samaki hana bahati hiyo. Na nyuki ni mdudu pia; pareto haimuulizi kitambulisho.

Sasa angalia tumbaku. Nikotini nayo inatoka kwa jani, na wakulima waliitumia kuua wadudu miaka mingi. Lakini hii inamdhuru hata binadamu: wavunaji hupata kichefuchefu na kizunguzungu kwa kushika tu majani mabichi yaliyolowa. Mimea miwili, yote asilia, hatari tofauti kabisa.

Halafu kuna pemethrini. Iliundwa maabara Uingereza mwaka 1973 kwa kuiga pareto, kwa sababu pareto huharibika haraka juani. Leo iko kwa neti za mbu ambazo watoto wanalala ndani. Na bado ni sumu kali kwa paka. Kwa hivyo hata "ya kiwandani" peke yake haikuambii kitu.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na hii haihitaji digrii. Kabla hujatuma pesa, uliza: ndani kuna nini? Kiasi gani? Inadhuru nani mwingine? Namba ya usajili ya PCPB iko wapi? Muuzaji akikujibu "ni natural tu", jua hajui anachouza.

Wengi wetu tunaishi bedsitter, dirisha moja, na kitanda ndicho kiti. Chochote unachonyunyizia godoro, usiku unalala nacho.