Dirisha la treni pale Gulwe

Waulize waliosoma bweni Mpwapwa zamani walifikaje shuleni, wengi watakutajia Gulwe. Mji wa Mpwapwa wenyewe haukupata reli, ingawa misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa ikipumzika pale miaka mingi kabla. Hata Stanley alipita mwaka 1871. Reli ya Mjerumani iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro 1907 na Dodoma 1910. Ilifuata bonde la mto, ikauacha mji kando. Gulwe, kijiji tu, ndiyo ikawa mlango wa wilaya.

Wengi tunadhani kituo kidogo ni mahali pa kukata tiketi. Kwa watu wa kijijini kilikuwa zaidi ya hapo. Gunia la karanga la shangazi aliyeko Dar lilipakiwa pale. Mtoto anayerudi shule alikabidhiwa kwa mama asiyemjua, kwa sababu tu wanakaa behewa moja. Habari za msiba zilishuka na abiria.

Na palikuwa na dirisha. Treni ikisimama, kina mama wanakimbia na masinia kichwani: mayai ya kuchemsha, karanga, vitunguu, kuku wa kukaanga. Bei inapatanwa juu juu, chenji inatafutwa upesi, na wakati mwingine magurudumu yanaanza kuzunguka pesa ikiwa bado mkononi mwa abiria. Kina baba wengi huita hiyo biashara ndogondogo. Nawaomba radhi, lakini daftari, sare na mafuta ya taa vilitoka kwenye sinia hilo, na mara nyingi hakuna aliyekaa chini kuhesabu ni kiasi gani.

Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliihesabu kwa niaba yetu. Maji yalibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, safari za abiria kutoka Dar zikakatika. Habari zilizungumzia madaraja na tuta. Sinia lililobaki ndani halikuandikwa popote.

Sasa kuna reli ya kisasa. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakwenda Dar hadi Dodoma, na Gulwe imepata kituo chake, bahati ambayo vituo vingi vidogo vya reli ya zamani havikuipata. Mgonjwa anafika hospitali kubwa siku hiyohiyo, na mwanafunzi halali tena njiani. Sitaki kusikia mtu akililia treni ya zamani kwa sababu ya utamu wa kumbukumbu. Ila dirisha la treni hii halifunguki, na ile ya haraka inapita bila kusimama.

Angalia nani anapata nini. Abiria akishuka Gulwe anahitaji kufika Mpwapwa, kwa hiyo kijana wa bodaboda kapata kazi. Mama yake, aliyemlea kwa mayai ya dirishani, je? Hilo ni la kuzungumzwa nyumbani kabla mtaji haujaliwa wote. Kama mna mama au dada anayeishi kandokando ya reli, muulizeni alikuwa akipata shilingi ngapi kwa wiki. Msimtumie pesa ya kula tu. Mwongezeeni ya kubadili bidhaa. Yai lililochemshwa lisiponunuliwa leo ni hasara. Vitunguu na karanga vilivyofungwa vizuri vinaweza kumngoja abiria nje ya geti hadi jioni.

Nje ya geti jua ni kali. Panahitaji paa, maji ya bomba na meza, na ushuru usiomaliza faida ya asubuhi. Halmashauri inaweza kuyafanya hayo kabla ya mavuno yajayo, na diwani wa hapo ana wapiga kura wenye masinia.