BARAZANI: Twangoja Fremu kwa Fundi

Mwezi uliopita tuliandika katika ukurasa huu ya kwamba mafundi wa Tabora hawajui ahadi. Maneno yale leo twataka kuyapunguza, ingawa hatuyafuti yote. Nanyi mtaona sababu.

Jirani yetu mmoja, bibi mjane, analea mjukuu wake, msichana wa miaka 11, ambaye miguu yake haimchukui. Nyumba yao i kando ya ile njia ya kale ya misafara iendayo Ujiji, na kutoka hapo hata shuleni ni mwendo wa kilomita 4 hivi. Mjomba wake humpakia nyuma ya baiskeli, juu ya keria, naye hufungwa kwa kanga asianguke. Lakini mvua zikinyesha mjomba yuko shambani katika tumbaku tangu alfajiri, na mtoto hubaki barazani akiwatazama wenziwe wakipita na madaftari yao. Mwaka huu yu darasa la nne, na darasa la nne lina mtihani wa taifa. Tangu shule zilipofunguliwa Januari amehudhuria siku 9.

Labda mtauliza, Je, hakuna aliyemsaidia? Naam, wako. Miaka miwili iliyopita watu wema walimletea baiskeli ya magurudumu matatu, ya namna ile iendeshwayo kwa mikono, mpya kabisa, nyekundu. Tulipiga vigelegele sote. Kumbe ilikuwa ya mtu mzima. Kiti kilikuwa kipana mno, mtoto akaegemea upande mmoja kama gunia lisilojaa. Mikono haikuzifikia pedeli ila kwa kuinama. Na baada ya majuma matatu bibi akaona kidonda pajani. Kidonda kile kilikaa miezi minne. Ngozi inayokandamizwa mahali pamoja mchana kutwa hukosa damu, kisha hufa, na dawa yake ya kwanza ni kiti kilicho sawa. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008 juu ya viti vya magurudumu, lilikaza kwamba mtu apimwe kwanza, na kiti kimfae yeye mwenyewe. Huko Moshi kiko chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na kazi hiyo ya viti vya magurudumu pia. Lakini kutoka Tabora hata Moshi ni safari, tena ni nauli.

Basi mwezi wa Novemba tukaenda kwa fundi mmoja mchomeleaji, mwenye kibanda kidogo mjini. Kazi yake ya kila siku ni kuimarisha baiskeli za warina asali: huongeza vyuma katika keria, na uma wa mbele huutia vyuma vya pili, ili baiskeli ichukue ndoo za asali kutoka porini isivunjike. Tukamweleza haja yetu. Hakusema mengi. Akatwaa utepe wa mshona nguo, akampima mtoto: upana wa nyonga, paja tangu mgongoni hata nyuma ya goti, mguu tangu goti hata kisigino, na mkono ulionyoshwa. Hesabu zote akaziandika ukutani kwa chaki. Tukampa nusu ya fedha iliyochangwa na nyumba 14. Tulipouliza siku, akasema, Kabla ya Krismasi.

Krismasi ikapita. Tukaenda, tukaambiwa mabomba yanayofaa hayajaletwa. Shule zikafunguliwa. Tukaenda tena, tukaambiwa umeme ulikuwa haba juma zima. Ndipo tulipoandika yale ya mwezi uliopita.

Kungoja si jambo geni katika nchi hii. Pale Kwihara, karibu na mji wetu, Livingstone aliachwa na Stanley mwezi wa Machi mwaka 1872, akakaa akingoja wapagazi watakaotumwa kutoka pwani, nao wakafika Agosti. Miezi mitano! Lakini yeye alikuwa mzee aliyejua kipimo cha njia. Mtoto wa darasa la nne akikosa miezi mitano hakuna msafara utakaomletea masomo yale.

Basi juma hili tulikwenda mara ya tatu, na twakiri kwamba tulikwenda kwa hasira. Tulikuta fremu imening'inizwa katika tawi la mwembe, haina rangi, imekatwa katikati, na vipande viwili vimeshikwa kwa waya. Tukasema, Fundi, umeharibu! Akajibu, "Mwalimu, nimeikata mwenyewe, tena mara mbili."

Akatufahamisha hivi. Katika baiskeli ya namna hii, gurudumu la mbele ndilo livutalo, kwa kuwa pedeli za mikono ziko juu yake na mnyororo hushuka kwake. Gurudumu hilo likikosa uzito juu yake, huzunguka bure mchangani, na njia zetu za Tabora ni mchanga mtupu. Fremu ya kwanza aliifanyiza kwa mfano wa zile aziendeshazo watu katika lami. Akaijaribu nje ya kibanda, ikazama, gurudumu likachimba shimo kama kuku. Kwa hiyo akaikata, akakisogeza kiti mbele kwa upana wa vidole vinne, ili uzito wa mtoto ushuke mbele. Lakini kiti kikisogea mbele, pedeli nazo humjia kifuani, viwiko vikakunjika, nguvu zikapotea. Basi akaikata mara ya pili, aulaze mbele mlingoti unaozibeba pedeli. Tena bomba lenyewe ni jembamba. Moto wa umeme ukizidi kidogo hulitoboa, na palipotobolewa hapana budi kuanza upya.

Twasoma ya kuwa mwaka 1655, karibu na Nuremberg, Ujerumani, fundi wa saa mmoja asiyeweza kutembea, Stephan Farffler, alijitengenezea gari la magurudumu matatu akaliendesha kwa mikono. Yeye alikuwa fundi, na mwili wa kupimwa ulikuwa wake. Hakuwa na wa kumwuliza siku. Sisi tulikuwa na wa kumwuliza, na lawama yetu iliyobaki ni hiyo moja: kwa nini fundi hakutuambia mambo haya mapema? Tulimwuliza. Akatazama chini, akasema alidhani tutazidai fedha zetu.

Siku ya pili tukamleta mtoto, mjomba akimpakia. Fundi alikuwa ameviunga vile vipande kwa muda, akaiweka fremu juu ya matofali, gurudumu la mbele likiwa juu halina tairi, akampandisha. Mtoto akashika pedeli akazungusha. Fundi akachuchumaa, akatazama viwiko, akatazama magoti, akaweka alama za chaki mahali patatu. Kisha akamwambia ashuke. Mtoto akasema, "Bado, babu," akaendelea kuzungusha, gurudumu likilia hewani, na bibi yake amesimama mlangoni hasemi neno.

Kiti kitafungwa kwa skrubu juu ya chuma chenye matundu, kisogezwe nyuma kadiri mtoto anavyokua. Fundi ameomba siku nyingine 10. Hatukumwuliza kama ni kweli. Mjomba ameahidi kuacha shamba asubuhi mbili kila juma, ampeleke shuleni hata hapo, na mwalimu wa darasa amekubali kuleta hesabu nyumbani siku za Jumamosi. Twaandika haya Alhamisi usiku. Rangi haijanunuliwa bado. Nyekundu ameikataa. Ametaka buluu.