Mahindi tunayo, maharage tumeuza: kwa nini mkulima kijana anaishiwa nguvu saa 5 asubuhi



Leo siandiki habari za mbegu wala viwavijeshi. Nataka tuongee kuhusu tumbo la mkulima mwenyewe. Nimezunguka mashamba mengi, kuanzia Uyole na safu za Mporoto hadi Ilula na Ismani, na kuna jambo linajirudia kila msimu. Unamkuta kijana ana ekari tano za nyanya au viazi, ana pampu ya kumwagilia, ana daftari la mapato na matumizi. Kila kitu kimepangwa. Kitu pekee ambacho hakina mpango ni chakula chake.

Siku yake inakwenda hivi. Saa 12 asubuhi anakunywa chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari na maandazi mawili. Ikifika saa 4 au 5 mwili umelegea, kichwa kizito, hasira karibu. Anaagiza soda, anachangamka kidogo, halafu analegea tena. Saa 9 alasiri anakula mlima wa ugali mweupe na mchuzi wenye vipande viwili vya nyama, na baada ya hapo macho yanafumba yenyewe. Usiku anarudia ugali uleule, kisha kitandani. Kesho yake ananiuliza anunue vitamini gani duka la dawa.

Msimamo wangu ni huu: chakula cha mkulima ni pembejeo, sawa na mbolea na mbegu. Anayeuza maharage yote akabaki na sembe na sukari anapunguza nguvu kazi ya shamba lake mwenyewe, na hasara hiyo haionekani kwenye daftari.

Nieleze kwa lugha ya shamba. Wote mnajua kwa nini tunashauri urea igawanywe. Ukiimwaga yote siku moja kwenye udongo wa kichanga na mvua ikapiga, mahindi yatakuwa kijani haraka, lakini sehemu kubwa ya naitrojeni inapotea na baada ya wiki chache majani yanaanza kugeuka njano. Samadi iliyooza vizuri inatoa chakula polepole, mmea unakula msimu mzima. Sukari ya kwenye chai, soda na unga mweupe vinafanya kazi kama ile urea ya kumwagwa mara moja. Vinaingia kwenye damu haraka, kongosho linatoa insulini nyingi ili kuishusha sukari, na kwa wengi baada ya saa mbili tatu inakuja njaa na uchovu. Maharage, karanga, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa ndiyo samadi yenyewe. Vinasagwa tumboni taratibu na nguvu inatoka kidogo kidogo.

Hili lilishapimwa. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha orodha ya vyakula kwa kuangalia kila kimoja kinapandisha sukari ya damu kwa kasi gani. Mkate mweupe na viazi mviringo vilikuwa upande wa juu. Maharage, dengu na jamii yote ya mikunde vilikuwa upande wa chini. Tafiti zilizofuata zikaonyesha jambo lingine zuri: ukila mikunde mlo mmoja, hata mlo unaofuata sukari haipandi sana kama ambavyo ingepanda. Yaani maharage ya asubuhi yanakusaidia mpaka mchana.

Sasa angalia tunakoishi. Nyanda za Juu Kusini ndiko nchi inakotegemea mahindi, viazi, maharage, maziwa na parachichi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta Iringa inaongoza kwa udumavu wa watoto chini ya miaka mitano, asilimia 56.9, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Njombe nayo ilivuka asilimia 50. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo magonjwa na mama kukosa muda wa kumlisha mtoto kwa sababu ya kazi za shamba. Lakini moja ya sababu ni ile ile inayomchosha kijana wangu wa nyanya: nyumba ina chakula kingi cha aina moja, na vile vingine vimepanda lori.

Kwa watu wazima bili inakuja kwa jina lingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu kama 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana sukari ya damu iliyopanda. Kisukari si ugonjwa wa matajiri wa Dar es Salaam tena.

Tuanze na unga. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini vinaondoka, na humo ndimo kuna nyuzinyuzi, mafuta mazuri, madini ya chuma na vitamini B. Pumba tunampa nguruwe, naye ananawiri kweli. Sisi tunabaki na wanga. Mimi nasema turudi kwenye dona. Ila tusidanganyane: dona siyo dawa, na ukila mlima wa dona sukari itapanda tu. Na dona inataka mahindi safi. Kausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, chambua punje zilizooza na zenye ukungu, hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haionekani kwa macho wala haifi kwa kupikwa.

Halafu maharage, na hapa ndipo nina ugomvi na vijana wengi. Unalima Njano Uyole, mavuno yanatoka, dalali anafika na gari, unauza yote. Miezi mitatu baadaye unanunua maharage hayo hayo kwa kilo, kwa bei ya juu, au huyanunui kabisa. Tupige hesabu. Mtu mzima akila gramu 100 za maharage makavu kila siku, kwa mwaka ni kilo 36 na nusu. Nyumba ya watu wazima watano ni kama kilo 183, yaani hazifiki gunia mbili za kilo 100. Gunia mbili! Zitenge siku ya kupura, zifunge, ziandike kwenye daftari kama pembejeo za msimu ujao, halafu ndipo umpigie dalali simu.

Parachichi nazo hivyo hivyo. Zile zilizokataliwa na mnunuzi kwa sababu ya umbo au mkwaruzo, ukiacha zilizooza, zina mafuta mazuri yale yale. Nusu ya parachichi kwenye chakula inafanya wanga usagwe taratibu.

Siku ya kazi naishauri iwe namna hii:

Asubuhi kabla ya kutoka, kula chakula, chai iwe ya kusindikizia. Kiporo cha kande kinatosha kabisa. Au viazi vitamu vya kuchemsha na maharage ya jana. Kwa ndugu zangu wa Rungwe, ndizi mbichi za kupika na maharage. Au uji wa ulezi uliochanganywa na karanga za kusaga na maziwa, lakini sukari iwe kidogo.

Saa 4, beba chako. Karanga kiganja kimoja, yai la kuchemsha au maziwa mgando. Na maji. Baridi ya huku kwetu inadanganya, mtu anapuliza dawa asubuhi nzima bila kunywa hata glasi moja, halafu kichwa kikiuma anasema ni njaa.

Mchana usivuke saa 7. Sikwambii uache ugali, nikisema hivyo mtanifukuza. Punguza theluthi moja ya ugali uliozoea, ongeza maharage au dagaa wa Ziwa Nyasa, na mboga zijae: mnafu, majani ya maboga, chainizi. Anza na mboga na maharage, ugali ufuate. Utaratibu huo peke yake unapunguza kasi ya sukari kupanda. Ukimaliza, tembea dakika kumi ukikagua mifereji badala ya kujilaza chini ya mti.

Usiku kula mapema na kidogo kuliko mchana.

Soda iwe ya sherehe. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi kama vijiko kumi na viwili kwa siku nzima, na ikiwezekana iwe sita. Kwa hiyo chai mbili za vijiko vinne vinne na soda moja, tayari umevuka. Na wale wa Iringa wanaofanya ulanzi kuwa chakula cha mchana msimu wa mvua, mnajua wenyewe jioni palizi inakuwaje.

Najua majibu yenu. La kwanza, "Bwana shamba, wazee wetu walikula ugali na wakafika miaka themanini." Kweli, wapo. Lakini wengi wao walisaga mahindi na ulezi bila kukoboa, walitembea kwa miguu, na sukari ilikuwa ya mgeni. Wewe unakwenda shamba kwa bodaboda na sukari ipo kila kibanda.

La pili, "Sina muda." Maharage ya siku tatu yanapikwa mara moja, yaloweke usiku yaive haraka. Na usimwachie mama au mke peke yake mzigo huu halafu ukasema nyumba haina mpango. Mwenye shamba ndiye anayepanga nini kinauzwa na nini kinabaki.

La tatu, "Vibarua hawali hivyo." Jaribu. Sufuria ya uji wa ulezi na karanga saa 3, kande saa 7. Linganisha idadi ya mistari wanayopalilia mchana na ile ya siku ya chai na andazi. Nami ninaogopa zaidi mtu mwenye njaa anayepima dawa ya kuulia wadudu saa 8 mchana. Hapo ndipo vipimo vinakosewa.

Mwisho, kuna uchovu ambao chakula hakiumalizi. Ukiona kiu isiyoisha, unakojoa mara kwa mara, unapungua uzito bila sababu, au macho yanaona ukungu, nenda kituo cha afya upimwe sukari. Na kama tayari unatumia dawa za kisukari, usibadilishe milo kwa kusoma maneno yangu tu, ongea kwanza na mhudumu wako wa kliniki, kwa sababu sukari ikishuka sana ukiwa peke yako shambani ni hatari.

Mavuno ya maharage hayako mbali. Kabla dalali hajapaki gari, hizo gunia mbili ziwe zimeshafungwa na ziko ndani. Tukutane shambani.