Kicheko cha Baba Hakizikwi

Mzee akiisha kuzikwa, na watu wamekaa matangani, huja saa ambayo vilio hupungua na mazungumzo huanza. Mmoja hukumbuka jinsi marehemu alivyomjibu mnunuzi wa ng'ombe. Mwingine hukumbuka jina la utani alilompa jirani yake. Na wafiwa hucheka, machozi yangali mashavuni. Wako wanaodhani kwamba kucheka hivyo ni kumvunjia marehemu heshima. Sivyo. Habari za mtu mmoja wa Marekani zaonyesha kwamba kicheko cha baba ni urithi, tena urithi ambao ndugu hawaugombanii.

Mtu huyo aliitwa Samuel Clemens, lakini ulimwengu wamjua zaidi kwa jina la Mark Twain, mwandishi wa vitabu vya kuchekesha. Alizaliwa mwaka 1835 katika jimbo la Missouri, na katika ujana wake alikuwa rubani wa meli za moshi katika mto Mississippi. Jina lake lilitoka huko mtoni. Ni wito wa baharia apimaye kina cha maji, na maana yake ni "pima mbili", yaani maji yatosha, chombo kipite salama.

Baba yake mwenyewe alikuwa hakimu wa mji mdogo, mtu mnyofu lakini mkali, asiyezoea kufanya mzaha na watoto. Alikufa mwaka 1847, mwanawe akiwa na umri wa miaka 11. Basi yule mwana alipokuwa baba naye, alishika njia nyingine.

Alikuwa na mabinti watatu, Susy, Clara na Jean, nao walikaa katika mji wa Hartford. Katika chumba cha vitabu palikuwa na rafu juu ya mahali pa kuotea moto, na mapambo yamepangwa juu yake. Mwanzo wa safu ilikuwa picha ya paka, na mwisho wake picha ya msichana. Watoto walimtaka baba awatungie hadithi papo hapo, na sheria yao ilikuwa kali: hadithi ianze kwa paka, ipitie kila pambo kwa utaratibu wake, na iishie kwa yule msichana. Haikuruhusiwa kuruka hata pambo moja, wala kurudia hadithi ya jana. Mtu aliyelipwa fedha nyingi kuchekesha umati wa watu alikuwa mtumishi wa watoto wake jioni.

Mwaka 1885 Susy, aliyekuwa na miaka 13, alianza kuandika kwa siri habari za baba yake. Hakuandika sifa tupu. Alitaja kwamba baba ana hasira, kwamba avuta tumbaku bila kupumzika, na kwamba apenda paka mno. Walakini jambo lililomuudhi ni kwamba watu walimjua baba yake kwa mzaha tu, hali yeye alijua kwamba ni mtu wa mawazo mazito. Baba alipoonyeshwa maandishi hayo alifurahi kupita kiasi.

Kisha taabu zikaja. Mwaka 1894 biashara yake ya kuchapisha vitabu ilianguka. Angeweza kulipa sehemu tu ya deni, kama sheria ilivyoruhusu, lakini aliahidi kulilipa lote. Mwaka 1895, naye ana miaka karibu 60, alianza safari ya kuzunguka dunia, akihutubia watu na kuwachekesha kwa malipo, mpaka Australia, Bara Hindi na Afrika ya Kusini. Safari ilipokwisha, naye yuko Uingereza, alipata habari kwamba Susy, aliyebaki nyumbani, amekufa kwa ugonjwa wa utando wa ubongo. Ilikuwa Agosti 1896, naye Susy alikuwa na miaka 24. Nyumba ile ya Hartford hawakukaa tena. Deni lililipwa lote mwaka 1898.

Miaka kumi baada ya kifo cha Susy, alipokuwa akitunga habari za maisha yake, yule mzee aliingiza maneno ya mtoto wake humo, na makosa yake ya herufi akayaacha vile vile. Kusahihisha kungeondoa sauti ya mwanawe. Yeye mwenyewe alikufa Aprili 1910, miezi michache baada ya kifo cha Jean. Akabaki Clara peke yake, na mwaka 1931 alitoa kitabu juu ya baba yake, ili watu wamwone kama alivyokuwa nyumbani.

Nyumba iliuzwa, na fedha za safari ile zilikwenda kwa wadai. Lakini mchezo wa paka na msichana wajulikana hata leo, kwa kuwa uliandikwa.

Wazee wengi wa nchi hii nao walikuwa na mizaha iliyoondoa njaa ya jioni moja au kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba. Mwenye baba aliye hai na amsikilize. Na aliyefiwa, akiwa karani, daftari na kalamu anazo. Akiwa mkulima, wanawe wajuao kuandika wapo. Maneno ya mzee na yaandikwe kama alivyoyasema mwenyewe, wala yasisahihishwe.