Hita za dizeli: pima kwanza, ndipo ufungue pochi

Kila mwaka baridi ya Juni na Julai inapotanda Njombe, Makete na Mbeya, wenye pikapu za dizeli hukumbuka kipuri kimoja kidogo ambacho miezi mingine hawakifikirii kabisa. Mafundi hukiita hita. Kina umbo la kalamu fupi ya chuma, kinafungwa kwenye silinda hedi, kimoja kwa kila silinda. Toyota Hilux yenye injini ya 2L au 3L inazo nne. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ inazo sita.

Swali linaloletwa kwa mwenye gari ni lile lile kila msimu: tubadilishe zote au tuache? Fundi kwa kawaida atasema tubadilishe. Safu hii inasema hapana, si kabla ya kupima. Swali hili lina ufundi ndani yake, lakini kwanza ni la mtaji.

Tuanze na kazi ya hita. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ipate moto wa kutosha kuyawasha mafuta. Injini ikiwa ya baridi, chuma chake hunyonya joto hilo na mafuta hayashiki vizuri. Hapo ndipo hita inapohitajika. Unapogeuza ufunguo na kusubiri taa ya dashibodi izimike, ncha ya hita inapata moto mkali kiasi cha nyuzi 800 au zaidi, na mafuta yanapata pa kushikia. Injini ikishachemka, haihitaji tena msaada huo.

Kwa hiyo dalili za hita zilizokufa ni za asubuhi. Gari huzungushwa sana na stata, likiwaka linatetemeka, linatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, na baada ya dakika chache linatulia. Mchana linawaka mara moja. Lakini gari linalosumbua hata likiwa la moto lina ugonjwa mwingine: mgandamizo umepungua, nozeli zimechoka, pampu ina tatizo, au hewa inaingia kwenye njia ya mafuta. Ukilinunulia hita gari la namna hiyo, umetupa fedha.

Nasema haya kwa sababu nami nimewahi kuzitupa. Mimi na mjomba wangu tulikuwa na pikapu ya ubia, nusu kwa nusu, ikikusanya viazi kutoka vijijini na kuvifikisha Njombe mjini alfajiri, kabla lori la Dar es Salaam halijaondoka. Pikapu ikichelewa, lori halisubiri, na viazi vinauzwa palepale kwa bei ya anayejua huna pa kwenda. Asubuhi moja ya Juni gari lilikataa kabisa. Jana yake lilikuwa limewaka bila taabu.

Gereji tuliyoipelekea ilitamka hita zote nne bila hata kufungua boneti. Mjomba akanipigia simu: "Mjomba, tuma nusu yako, hita zimekwisha." Nikatuma. Zikafungwa mpya. Kesho yake gari halikuwaka.

Siku ya tatu kijana mmoja fundi umeme alikuja na balbu yenye nyaya mbili. Alichomoa rilei, akaona mguu wake mmoja umeliwa na kutu, akausafisha, gari likawaka. Kisha akatuuliza, "Wazee, hita za zamani ziko wapi?" Tukazitoa kwenye boksi. Akazipima moja moja. Tatu zilikuwa nzima, moja ndiyo iliyokufa.

Somo hapa ni rahisi. Hita nne hazifi usiku mmoja. Huchoka moja baada ya nyingine, na gari hulalamika kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Gari lililowaka vizuri jana na leo limegoma kabisa, angalia kwanza betri, fyuzi na rilei.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Fungua ule ukanda wa chuma unaounganisha hita zote. Ukiuacha, nzima itaificha mbovu. Unganisha waya mmoja wa balbu kwenye chanya ya betri, mwingine gusisha kichwa cha hita. Balbu ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, hita hiyo imekufa. Mwenye mita ya umeme anapata jibu bora zaidi: hita nyingi nzima husoma om moja hivi au chini yake, na iliyokatika haisomi kitu. Halafu, geuza ufunguo na upime kama umeme unafika kwenye ukanda. Usipofika, tatizo liko kabla ya hita.

Sasa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke bei za soko lake. Tuseme hita moja ni sh. 20,000/-, nne ni sh. 80,000/-, na ufundi sh. 20,000/-. Jumla sh. 100,000/-. Kupima ni sh. 5,000/-. Tuseme pia safari moja ya alfajiri inaacha sh. 50,000/- baada ya mafuta na dereva.

Mwenye pikapu Njombe akipima na kukuta hita zimekufa kweli, asisite. Safari mbili tu zilizookolewa zinarudisha fedha yote. Mwenye Hiace Dar es Salaam, ambako hata usiku wa Julai hauna baridi ya maana, anaweza kuvumilia hita moja mbovu mpaka mwisho wa mwezi bila kupoteza safari. Lakini asivumilie mwaka mzima. Kila asubuhi anayozungusha stata kwa muda mrefu anaikopa betri na stata yenyewe, na deni hilo hulipwa kwa pamoja.

Na anayebadilisha bila kupima? Huyo anacheza bahati nasibu ya sh. 100,000/- ilhali tiketi ya kujua jibu ni sh. 5,000/-.

Wapo wanaosema badilisha tu, hata nzima, ili uwe na amani. Hoja yao ina uzito pale hita ni za umri mmoja na mbili zimeshakufa. Zilizobaki haziko mbali, na ufundi unalipwa mara moja. Lakini wanasahau hatari moja. Hita iliyokaa miaka mingi hushikamana na silinda hedi. Ikilazimishwa kwa spana hukatika, na kipande kikibaki ndani huenda hedi ikabidi kushushwa. Kipuri cha maelfu kimezaa kazi ya mamia ya maelfu. Kwa hiyo zitolewe injini ikiwa na uvuguvugu, zikiwa zimelowekwa mafuta ya kulainisha, na zikifungwa zisikazwe kwa hasira.

Dukani, nenda na hita ya zamani mkononi na usome volti zake. Zipo za volti 12, na zipo za volti pungufu ambazo mfumo wake huzipimia umeme. Ukizikosea zitaungua mapema au hazitapata moto wa kutosha. Majina kama NGK, Denso na Bosch ni mazuri, lakini boksi si ushahidi. Majina makubwa ndiyo yanayoghushiwa. Ncha ya hita mbaya inaweza kuvimba au kukatikia ndani ya silinda. Na ile dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa, usiiguse kwenye gari lenye hita: inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Mwisho, neno kwa anayetafuta pikapu iliyotumika. Muuzaji mjanja huipasha injini moto kabla hujafika. Mwombe gari lilale, nenda alfajiri, weka kiganja juu ya injini kabla ufunguo haujageuzwa. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Ikiwa ya baridi na ikawaka mara moja bila moshi mweupe, kaa mzungumze bei.