Msimharakishe mimba

Vijana, tuseme ukweli. Dada akienda Nairobi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, akirudi Keringet swali la kwanza ni, "Sasa mtoto lini?" Wacheni presha.

Madaktari hushauri asubiri miezi 12 hadi 18. Wakati huo kilo zinashuka kwa kasi, na mimba inataka madini ya chuma, asidi foliki na vitamini B12, vitu ambavyo mwili wake sasa unavipata kwa shida. Na hapa ndipo wengi hushikwa: uzito ukipungua, hedhi hurudi sawa na mimba huingia haraka. Vidonge vya kupanga uzazi navyo huenda visimsaidie, hasa kama utumbo uliunganishwa upya. Aulize kuhusu kipandikizi au koili.

Akipata mimba, aambie kliniki mapema kuhusu upasuaji. Hata yale maji ya glukosi ya kupima sukari yanaweza kumletea kizunguzungu na kuhara.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja afya ya uzazi kama haki. Basi aelezwe haya yote kabla hajatoka wodini, kwa lugha anayoielewa. Dada, usipoelezwa, uliza. Ni haki yako, si msaada.