Acheni kuwashindisha njaa wajawazito kwa hofu ya mtoto mkubwa

Mimba ikifika mwezi wa saba hapa Kalinzi, mkoani Kigoma, washauri hawakosekani. Mama mkwe ataanza: mwanangu, punguza ugali, mtoto anakua huyo. Shangazi atakataza mayai. Jirani aliyepasuliwa mwaka juzi atafunua khanga aonyeshe kovu, na mazungumzo yataishia pale yanapoishia siku zote: mtoto akiwa mkubwa hapiti, na asipopita ni kisu. Hakuna anayesema haya kwa ubaya. Wanayasema kwa upendo, na kwa sababu ndivyo walivyosikia kwa mama zao. Lakini ni imani ya uongo, imewadhuru wanawake wetu kwa muda mrefu, na nimechoka kuinyamazia.

Tazama inavyowapeleka watu pabaya. Mjamzito mmoja anaiamini, anaacha kula mchana huku jembe bado liko mkononi na mibuni inamsubiri. Mwingine anaambiwa kliniki kwamba tumbo lake ni kubwa, basi haonekani tena. Amepanga kujifungulia nyumbani, kwa kuwa kwake hospitali maana yake ni kupasuliwa. Wa tatu ametoka kupima utrasaundi mjini, karatasi imeandikwa kilo 4, na kabla hajafika nyumbani ukoo umeshaamua apasuliwe wiki hiyo hiyo, uchungu hata haujaanza. Mmoja anakimbia kisu kwa kufunga, mwingine kwa kujificha, wa tatu anakikimbilia. Wote wameamini jambo moja, kwamba ukubwa wa mtoto peke yake ndio unaoamua uzazi.

Nianze na chakula, maana hapo ndipo dhuluma ilipo kubwa zaidi. Mtoto aliye tumboni akikosa chakula, mwili wake huulinda ubongo kwanza. Mafuta ya chini ya ngozi yanapungua, mapaja yanakonda, ini linabaki dogo. Kichwa ndicho cha mwisho kuathirika. Na kinachotakiwa kupenya kwenye nyonga ni kichwa. Kwa hiyo mama anayejinyima maharage na migebuka hajirahisishii njia. Anazaa mtoto mwembamba mwenye kichwa kile kile.

Na hata huo wembamba wenyewe ni wa kiasi gani? Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Mgawo wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku na watu wakafa kwa maelfu. Wanawake waliokumbwa na njaa ile katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito walizaa watoto waliopungua gramu 300 hivi kwa wastani. Njaa ya vita, inayoua watu barabarani, ilipunguza gramu 300 tu. Mama wa Kalinzi anayeruka mlo wa mchana anapunguza nini? Anapunguza damu yake mwenyewe. Anaingia leba akiwa na upungufu wa damu, na damu kidogo ambayo mwenzake aliyeshiba angeipoteza na kuinuka, yeye inamwangusha.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kukataza chakula hawalioni, kwa sababu madhara yake huja baada ya karibu miaka 20. Nyonga ya mwanamke hujengwa utotoni. Msichana aliyedumaa akiwa mdogo hubaki mfupi, na nyonga yake hubaki finyu. Ndiyo maana kadi ya kliniki ina mahali pa kuandika kimo cha mama, na mwenye chini ya sentimita 150 anahesabiwa kuwa na dalili ya hatari. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mtoto wa kike anayezaliwa na mama aliyenyimwa chakula, akakua kwa uji mtupu, ndiye atakayekwama leba akiwa na miaka 18, tena kwa mtoto wa kawaida kabisa wa kilo 3. Halafu tutasema mtoto alikuwa mkubwa! Mtoto hakuwa mkubwa. Njia ilibanwa na njaa, na njaa hiyo tuliipika wenyewe jikoni kwetu tukaiita ushauri.

Sasa hii karatasi ya utrasaundi. Kipimo kile ni kizuri na kina kazi nyingi: kinaonyesha kondo la nyuma limekaa wapi, mtoto ametanguliza nini, kama ni mmoja au mapacha. Lakini hakina mizani. Kinapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha kinakisia uzito kwa hesabu. Mimba ikishakomaa, kisio hilo linaweza kukosea kwa asilimia 10 au 15, juu au chini. Mtoto aliyeandikwa kilo 4 anaweza kuzaliwa na kilo 3.4, na anaweza pia kuzaliwa na 4.6. Mkunga mzoefu anayepapasa tumbo kwa mikono yake miwili na kulipima kwa utepe hakosei sana kuliko mashine. Marekani, ambako mashine hizo zimejaa kila mahali, wanawake waliojifungua walihojiwa: kati ya wale walioambiwa watoto wao huenda ni wakubwa, mmoja tu kati ya watano hivi ndiye aliyezaa mtoto wa kilo 4 au zaidi. Wanne walitishwa bure.

Siupigi vita upasuaji. Mtoto aliyelala kwa kukingama, kondo lililoziba njia, uchungu uliogoma saa nyingi na mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka: hapo kisu ni uhai, na mwanamke aliyefika thieta kwa wakati amshukuru Mungu. Ninachokataa ni kumpasua mama mzima kwa sababu ya kisio. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walipiga hesabu kwa wanawake wasio na kisukari waliokisiwa kuwa na watoto wa kilo 4.5 na zaidi, wakakuta kwamba ili kumwokoa mtoto mmoja asipate ulemavu wa kudumu wa mkono kwa kukwama bega, inabidi wapasuliwe wanawake 3,695. Ndiyo maana chama cha madaktari wa uzazi cha huko hakishauri kuufikiria upasuaji wa kupangwa kwa sababu ya ukubwa peke yake mpaka kisio lifike kilo 5, au 4.5 kwa mama mwenye kisukari.

Hapo kwenye kisukari naomba tusimame, maana ndipo penye hatari ya kweli. Sukari ikipanda wakati wa ujauzito, mtoto hunenepa isivyo kawaida, mabega yanakuwa mapana kuliko kichwa, na akizaliwa sukari yake huweza kushuka ghafla. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa mno, au ambaye kwao kuna kisukari, adai kupimwa sukari. Akikutwa nayo, chakula chake kipangwe na mtaalamu. Huyo ana sababu. Kuwafungisha wengine wote kwa ajili yake ni kuwaonea.

Na kovu lina gharama yake, hasa kwetu. Kwa utafiti ule ule wa 2022, mwanamke wa Tanzania huzaa watoto 4.8 kwa wastani, na Kalinzi familia ya watoto sita au saba haimshangazi mtu. Huko ambako mwanamke anazaa wawili akafunga kizazi, kovu moja si mzigo mkubwa. Hapa, binti akipasuliwa mimba ya kwanza bila sababu, mimba zake zote zinazofuata atazibeba juu ya kovu. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka katika uchungu. Kondo linaweza kujishika kwenye kovu likakataa kutoka. Kila mara atahitaji kuwa karibu na thieta, yeye ambaye pengine mimba ya tatu itamkuta shambani, mvua za masika zimeharibu njia. Hesabu ya kisu ipigwe kwa mimba zote, isiishie kwa hii moja.

Wapo watakaoniuliza kuhusu bega kukwama. Ni kweli hutokea, ni kweli linatisha, na kwa mtoto mkubwa hutokea zaidi. Lakini karibu nusu ya watoto wanaokwama mabega wana chini ya kilo 4, watoto ambao hakuna aliyewashuku. Kwa hiyo kinga yake kubwa ni mkunga anayejua la kufanya kwa kila uzazi. Kichwa kimetoka, kisha kinarudi nyuma kama kinavutwa. Mkunga haivuti shingo. Anaita msaada. Watu wawili wanaikunja miguu ya mama mpaka magoti yakaribie kifua, na hapo nyonga inageuka na nafasi inaongezeka. Mwingine anasukuma kwa kiganja juu kidogo ya mfupa wa kinena, bega lijilaze lipite. Ikishindikana, mama anageuzwa apige magoti na kushika chini kwa mikono. Watoto wengi hutoka kwa hatua hizi za mwanzo. Kinachoharibu ni kile ambacho bado tunakisikia, mtu kukandamiza tumbo kwa juu kwa nguvu zake zote. Kufanya hivyo huzidi kulibana bega, na kunaweza kuupasua mfuko wa uzazi.

Wengine siku hizi wanapendekeza uchungu uanzishwe mapema, mtoto asije akanenepa zaidi. Uingereza walilijaribu hilo kwa wanawake zaidi ya 2,800 walioshukiwa kuwa na watoto wakubwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2025. Walioanzishiwa uchungu, mabega yalikwama kwa asilimia 2.3, walioachwa kwenye utaratibu wa kawaida, asilimia 3.1. Tofauti ni ndogo, haikutosha kuthibitisha faida, na hiyo ni katika hospitali ambako mama anaangaliwa dakika kwa dakika. Mama wa kule anaelezwa, anachagua. Kwetu kuanzisha uchungu maana yake mara nyingi ni mitishamba ya kuharakisha, inayonywewa nyumbani, isiyo na kipimo. Kama njia kweli haitoshi, dawa hiyo ndiyo itakayompasua mama.

Mkoa huu tunajua kinachookoa wazazi, tulishakiona. Katika hospitali ya mkoa ya Kigoma, Maweni, mwaka 1984 walikuwa wakifa akina mama 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake wakaanzisha mpango wa hatua 22, uliotegemea zaidi vitu vilivyokuwapo pale pale. Kufikia 1991 vifo vilikuwa 186. Hakuna mjamzito aliyefungishwa ili hayo yatokee. Watumishi walijirekebisha, vifaa na dawa vikatafutwa, damu ikatafutwa, na aliyefika na shida akahudumiwa. Mbaruku ameshafariki, lakini alichokifanya kinapaswa kusimuliwa kwenye kila kliniki ya mkoa huu.

Kwa hiyo mama aliyeambiwa ana mtoto mkubwa anachagua nini? Anachagua mahali. Huyu asijifungulie nyumbani, wala kwenye zahanati ambayo ikifika usiku hakuna wa kumsaidia mkunga. Aende penye thieta, au karibu nayo, kabla uchungu haujaanza, kisha aachwe ajaribu. Sisi wa Kalinzi tuna barabara ya lami ya Manyovu inayotufikisha Maweni. Dada zetu wa Mwamgongo na Kagunga, chini ziwani, wanategemea boti, na ziwa likichafuka usiku hakuna anayevuka. Wao inabidi wahamie mjini wiki kadhaa mapema, wakae kwa ndugu. Akiwa leba, atembee, apige magoti, achuchumae kama bibi zetu, asilazwe chali tangu saa ya kwanza. Awe na mtu wake pembeni. Hapa hapa Kigoma, kati ya 2016 na 2018, vituo kadhaa vya serikali viliruhusu wasindikizaji leba, kwa hiyo asiambiwe kwamba haiwezekani. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, ijazwe. Mwendo wa uchungu utaonyesha kama mtoto anapita, mapema kiasi cha kuwahi upasuaji ikibidi.

Nanyi wauguzi na madaktari, nawaheshimu, najua mnavyozidiwa na kazi. Lakini kumwambia mama “huyu mtoto mkubwa” halafu ukaita mwingine ni kumtupia hofu aende nayo nyumbani. Mwambie ni kisio. Mwambie linaweza kukosea kwa kiasi gani. Mwambie ale. Kisha mweleze njia zilizopo na hatari ya kila moja, umsikilize anataka ipi. Tumbo ni lake.

Mtoto mkubwa ana hatari nyingine inayozungumzwa kidogo: mfuko wa uzazi uliotanuka sana huchelewa kukaza, na mama anavuja damu baada ya kujifungua. Hapo ndipo ukoo una kazi ya kufanya. Nawaomba waume, mashemeji na kaka wa Kalinzi mlio na mjamzito nyumbani: kabla mwezi wake haujafika, pandeni gari mwende Maweni mkachangie damu.